Kikombe Kilichouliza Watu

Nilipokuwa mtoto, kitu nilichokiogopa kuliko nyoka na kuliko fimbo ya mwalimu kilikuwa kikombe. Kilikuwa cha madini meupe, chenye masikio mawili na shina jembamba, na kwa sehemu kubwa ya mwezi kilikaa kimefungwa kitambaa ndani ya kabati la kanisa letu la mabati, upande wa chini wa Kathonzweni, mahali ambapo ardhi huanza kuwa nyekundu na miti huanza kuwa mifupi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kilitolewa kwa ajili ya Meza ya Bwana, kikajazwa maji ya zabibu, kikapita kutoka mdomo hadi mdomo, safu kwa safu, mpaka kikawa kitupu. Sisi watoto ambao hatujabatizwa tuliketi karibu na nyanya zetu tukikitazama kikija. Kilipopita mbele ya uso wangu nilibana pumzi.

Hofu ile sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, ingawa si na mchungaji. Mchungaji alisema kikombe ni ukumbusho wa upendo. Lakini watu wa kwetu, kabla hawajamjua mchungaji yeyote, walikuwa na kithitu, kile kiapo cha wazee ambacho mtu akikila kwa uongo hufa, na nyumba yake ikafuata. Kanisa lilikataza kithitu, nacho kikakatazika. Ila hofu yake haikuondoka. Ilihama tu, ikatafuta mahali pengine pa kukaa, ikapata kikombe. Ndipo ikaota desturi ambayo sijaiona katika kanisa lingine lolote. Watu wawili waliokosana waliketi ubavu kwa ubavu siku ya Meza ya Bwana. Mkubwa alikunywa kwanza, akampa mdogo kwa mkono wake mwenyewe, na mdogo akanywa pale pale palipoguswa na mdomo wa mwenzake, bila kufuta. Kufuta ukingo ilikuwa ni kumrudishia mwenzio ugomvi wake. Na aliyekunywa akiwa na uongo moyoni, kikombe kingemuuliza. Ndivyo ilivyosemwa: kitamuuliza. Swali lenyewe lilikuwa lipi, hakuna aliyefafanua, na nadhani ndiyo sababu lilitutisha.

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Susu, ndiye aliyeitayarisha meza ile. Alioka chapati isiyo na chumvi, akaikata vipande vidogo kama kucha, akakipangusa kikombe kwa majivu laini mpaka uso wako ukaonekana ndani yake umepinda. Pengine kwa sababu alikishika kila mwezi, watu walidhani kinamsikiliza.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya misimu ya ukame iliyotukausha hata mate, mvua ilikuja kama iliyotumwa kulipiza kisasi. Mto wetu wa mchanga, ambao siku zote ulikuwa barabara ya ng'ombe, ulijaa ukanguruma. Vyoo vilibomoka. Matuta ya mashamba yalikatika, na mstari wa katani uliotenganisha shamba la Susu na la jirani yetu Mbuvi ukang'oka wote, ukaenda na maji.

Mbuvi alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kofia ya kijani ambayo hakuivua ila kanisani. Maji yalipopungua alipanda katani mpya. Susu alipouona mstari ule alisimama akiutazama kwa muda mrefu, kisha akanituma nimwite.

Alikuja na mkewe, Syokau, na binti yao Mwende, ambaye tulisoma darasa moja.

"Mbuvi," Susu alisema, "katani yangu imetembea."

"Katani yako ilienda na maji, Mwaitu." Alimwita Mwaitu, yaani mama, kama ilivyompasa mtu wa umri wake. "Hii ni yangu, nimepanda juzi."

"Basi umeipanda ndani ya ndengu zangu."

"Ndengu zako nazo zilienda na maji."

"Baba Mwende," Syokau alimwambia kwa sauti ya chini, "wacha mzaha na mama ya watu."

Susu hakucheka. Namkumbuka alivyokuwa akifungua na kufunga pindo la leso yake, ishara ambayo sisi nyumbani tuliijua na kuikimbia.

"Kwa chifu siendi," alisema. "Nimezeeka, siwezi kukaa kwa benchi ya chifu kama kuku anayengojea kuuzwa. Jumapili tutakunywa pamoja, mimi na wewe. Kikombe kitakuuliza."

Mbuvi alivua kofia yake, akaikunja, akaishika mbele ya kifua. Labda alikuwa akifanya mzaha bado, labda hakuwa.

"Kiniulize, Mwaitu. Mimi sina neno. Nitakijibu."

Jumapili ile waliketi pamoja. Susu akanywa, akampa. Mbuvi akanywa palepale, akalamba midomo, akanikonyeza.

Wiki haikuisha. Habari za kipindupindu tulikuwa tumezisikia kutoka barabara ya Mombasa, kutoka Kibwezi na mbele yake, tukazipokea kama habari za watu wengine. Kwetu ugonjwa ulianza na Mbuvi. Asubuhi alikuwa akipalilia. Jua lilipokuwa likishuka wanaume walikuwa wakimtafutia ubao wa jeneza. Watu wa afya walikuja wamefunika pua, wakamzika haraka ndani ya karatasi ya nailoni, wakakataza chakula cha matanga. Kilonzo, mdogo wake Mbuvi, aliambiwa avichemshe vyombo vya nyumba ile na kuvitia dawa. Hakuwa na subira ya kuchemsha. Alivitoa nje vyote, sahani, masufuria, vikombe, akachoma cha kuchomeka na kuponda cha kupondeka, na Syokau akasimama kando akiangalia, amemshika Mwende mabegani.

"Kikombe kimemuuliza," watu walisema.

Walisema kisimani, walisema njiani kwenda sokoni kabla soko halijafungwa, walisema mbele ya Susu kwa sauti ya heshima ambayo hajawahi kupewa. Mwanamke mmoja alimletea nusu kilo ya sukari bila sababu.

"Mama Musyoka," alisema, akimwita kwa jina la baba yangu, "ulisema na ikawa."

"Sikusema afe," Susu alijibu. "Chukua sukari yako."

Kisha wakaugua wengine, na kwa kila mgonjwa watu walitafuta swali aliloulizwa. Huyu aliwahi kuiba mizinga ya nyuki. Yule alimkana mtoto. Alikufa mtoto mchanga ambaye hata harufu ya kikombe hakuijua, na kwake yeye walilipata jibu kwa baba yake. Leo najua kwamba sote tulichota katika mashimo yale yale ya mchangani, ambayo ndiyo yalikuwa visima vyetu, chini ya vyoo vilivyobomoka, na kwamba huko ndiko yalikokuwa maswali na majibu yote. Lakini naandika hivi nikiwa nimekaa, nina maji ya bomba na elimu niliyosomeshwa. Wakati ule mchanga ulikuwa ule ule wa siku zote, mweupe, safi kuutazama, na kilichokuwa kimebadilika mbele ya macho yetu ni kimoja tu: Susu alikuwa amesema neno, na mtu amekufa.

Walioadhibiwa zaidi ni waliobaki hai. Syokau alipofika kisimani wanawake walifunga mazungumzo yao na madebe yao wakaondoka. Shuleni, kabla shule haijafungwa, Mwende aliketi kwenye dawati peke yake. Kisha Jumapili moja baada ya ibada Kilonzo alisimama nje ya mlango wa kanisa, akasema mbele ya watu kwamba nyumba iliyoulizwa haikaliwi. Ndengu zikishavunwa, Syokau arudi kwao Kibwezi. Mwende angebaki, kwa kuwa ni wa ukoo.

"Na akitaka kukaa?" mtu mmoja aliuliza.

Mzee Muthiani, mkubwa wa wazee wa kanisa, ndiye aliyejibu. "Akitaka kukaa, aje kwa Meza ya Bwana inayokuja. Akunywe kwa kikombe mbele yetu sote. Asipopatwa na kitu, nani atakuwa na neno na yeye?"

Kilonzo alikubali. Watu walikubali. Kikombe kilichomhukumu kilikuwa pia ndicho pekee kingeweza kumwachilia.

Tangu siku ile Susu hakutulia. Angewasha moto akauacha uwake bila chungu. Angeanza kupura mbaazi, akasimama katikati, akaenda mpaka kwenye uwanja wa nyuma kutazama upande wa kwa Syokau, akarudi bila kueleza alichokwenda kuona. Mama yangu alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, kwa hasira, kana kwamba kuumwa kungekuwa nafuu. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa na barabara ilikuwa imekatika. Hapakuwa na wa kumkemea.

Alasiri moja nilimkuta kwenye mstari wa katani, amepiga magoti, anachimba kwa jembe lililovunjika mpini.

"Unatafuta nini, Susu?"

"Jiwe la mpaka. Babu yako alilizika hapa nikiona."

"Tukilipata?"

"Tukilipata nitajua."

"Utajua nini?"

"Chimba."

Tulichimba mpaka kivuli cha katani kikatuzidi urefu. Tulipata mizizi, kigae, udongo uliolowa ambao haukuwa na habari yoyote. Maji yalikuwa yamelichukua jiwe, au lilikuwa hatua chache kutoka tulipochimba. Halijapatikana hata leo. Susu alikaa chini akafuta jembe kwa kiganja. Ndipo nilipoelewa, kadiri mtoto anavyoweza kuelewa, kwamba jiwe lile lingempa yeye haki angetulia kidogo, na lingempa Mbuvi haki angejua ni kosa gani alilobeba. Lakini kutojua hakukumpa pa kuweka mguu.

Jumapili iliyotangulia Meza ya Bwana alikuja kanisani afisa wa afya, kijana mwenye buti zilizojaa tope na pikipiki iliyolia kama mbuzi. Mchungaji alimpa nafasi.

"Ugonjwa bado uko," alisema. "Kusalimiana kwa mkono, hapana. Kula matangani, hapana. Na hiki kikombe kimoja, mpaka ugonjwa uishe, kisipite."

Mzee Muthiani akasimama. "Kijana, unatuambia damu ya Bwana ina wadudu?"

"Mzee, mimi sisemi habari ya damu. Nasema habari ya midomo."

"Midomo ya nani?"

"Yote, mzee. Hata yangu. Hata ya Pasta."

Watu walicheka, na mchungaji akacheka nao, akatumia kicheko kile kutangaza haraka kwamba kila mmoja aje na kikombe chake kutoka nyumbani. Watamiminiwa kwa birika.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Na waliokosana, Pasta? Watapeana nini?"

"Watapeana mioyo," mchungaji alisema, na nadhani hata yeye hakuridhika.

Mzee Muthiani alikuwa bado amesimama. "Hiyo ya birika itakuwa chai tu," alisema. "Mtu hawezi kusafishwa na chai." Akamtazama Kilonzo, na Kilonzo akatikisa kichwa kukubali. Mkono wa Susu, uliokuwa umeshika wangu, ulibana mpaka mifupa yangu ikagusana. Kikombe kisipopita, Syokau hangekuwa na pa kunywea. Na ndengu zilikuwa zimeshaanza kukauka.

Sijawahi kuona ibada kama ile ya Jumapili iliyofuata. Afisa alisimama mlangoni na mtungi wa maji yenye dawa, akitazama kila mkono unaoingia. Ndani mlikuwa na vikombe vya kila ukoo: vya bati, vya plastiki, gilasi zenye maua, kifuniko cha chupa ya chai, kikombe cha udongo kilichovunjika sikio. Mzee Muthiani alikuja na kimoja kikubwa cha aluminiamu.

"Mzee, hiyo ni kikombe ama ni karai?" mama mmoja alimwuliza.

"Nina kiu ya haki," alijibu bila kutabasamu, na safu nzima ikainama kuficha kicheko.

Kikombe cha Susu nilikibeba mimi, kimefungwa katika kitambaa cha mezani kana kwamba ndicho kile cha kanisa. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka mahali pamoja. Kile cheupe chenye masikio mawili kilibaki kabatini, na naapa nilihisi kinatusikiliza.

Syokau aliingia wimbo wa pili ukiimbwa. Alikuwa na Mwende. Waliketi mwisho wa benchi karibu na dirisha, na benchi lile likaanza kupungua watu, mmoja akihamia kwa dada yake, mwingine akikumbuka ana kikohozi, mpaka wakabaki wawili.

Shemasi alipita na birika. Alimimina, akaenda mbele, akamimina. Alipofika dirishani alisimama.

"Kikombe chako?"

"Vyombo vyangu vilichomwa," Syokau alisema. "Wote mliona."

Shemasi alitazama huku na huku. "Nani ana cha ziada?"

Mbele yetu alikuwa mama aliyekuja na viwili, kimoja cha mumewe aliyechelewa. Nilimwona akikivuta taratibu kile cha pili, akakitia chini ya leso, akalikalia pindo lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wadogo. Mvua ya rasharasha iliyokuwa juu ya mabati ikasikika kama watu wengi wanaonong'ona.

Ndipo Susu akasimama. Kikombe chake kilikuwa kimejaa, hajakigusa. Alipita katikati ya mabenchi akikishika kwa mikono miwili, polepole, ili kisimwagike, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimeshika leso yake na sikukumbuka kuiachilia.

"Mama!" Afisa aliita kutoka mlangoni. "Mama, hapana. Tulikubaliana."

"Kijana wangu," Susu alisema bila kugeuka, "kazi yako umeifanya vizuri. Sasa niache nifanye yangu."

Aliketi kando ya Syokau, ubavu kwa ubavu. Kila mtu aliijua desturi, na kila mtu aliona alivyoigeuza. Yeye aliyekuwa mkubwa hakunywa kwanza. Alimpa Syokau.

"Mwanangu, kunywa."

Syokau alikunywa. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alishika ncha ya leso yake akaanza kuufuta ukingo wa kikombe. Minong'ono ikapanda kanisani, kwa maana kufuta ni kurudisha ugomvi. Lakini mimi nilikuwa karibu na uso wake, nao haukuwa uso wa ugomvi. Alikuwa ametoka katika nyumba ya mgonjwa. Alikuwa akimkinga mwanamke mzee.

Susu alimshika kifundo cha mkono.

"Usifute."

"Mwaitu, nyumbani kwangu kumekufa mtu."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema." Akasema kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia. "Nilimwambia kikombe kitamuuliza. Basi na mimi kiniulize."

Akakigeuza kikombe mpaka palipokuwa na mdomo wa Syokau, akanywa, akakimaliza. Shemasi alibaki na birika limeinama, matone yakianguka kwenye kiatu chake.

Kama hadithi hii ingekuwa yangu kuitunga, ningeifunga hapo. Lakini katikati ya wiki, asubuhi, Susu alikwenda chooni akarudi akishika ukuta, akaenda tena, na mara ya tatu hakuweza kusimama. Nilimtazama nikajua. Macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Mama alilia kwa sauti, na sauti ikaleta watu, ila hawakuvuka uzio. Walisimama nje, nami nilimsikia Mzee Muthiani akisema, kwa masikitiko ya kweli, "Sasa kimemgeukia mwenyewe. Kwa hivyo shamba lilikuwa la Mbuvi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi. Mwezi mmoja Mbuvi alikuwa mwizi wa ardhi kwa kuwa alikufa. Sasa Susu ndiye mwizi kwa kuwa alikuwa anakufa. Nilisimama kati ya kitanda na mlango nisijue niende wapi, nikaenda kwa kimoja na kurudi kwa kingine, na kila nilipofika nilitaka kuwa kwingine.

Aliyevuka uzio ni Syokau. Alikuja mbio amebeba sufuria mpya yenye maji ya moto bado, na mkononi kipande cha gazeti kilichofungwa sukari na chumvi.

"Leteni kijiko," alimwambia mama. "Haya maji yalichemka. Afisa alinifundisha siku ya kumzika Baba Mwende. Alinifundisha nikiwa nimechelewa." Alikuwa amekwisha kukaa kitandani, kichwa cha Susu kikiwa mapajani pake. "Kunywa, Mwaitu. Hapana, usiteme. Ukitema nakupa ingine, mimi sina haraka."

"Nitakuambukiza," Susu alisema kwa sauti iliyokauka.

"Siku ile ulinikataza kufuta. Leo nyamaza."

Baada ya muda akamwambia mama kwamba kijiko peke yake hakitatosha. Lazima afike shuleni, ambako darasa la nne lilikuwa limegeuzwa wodi na maji ya kuingizwa mshipani yalikuwapo. Kwenda huko kulihitaji watu wa kubeba kitanda. Mama alitoka akawaomba waliokuwa kwenye uzio, nao wakaangalia miguu yao.

Syokau akatoka mlangoni. "Kilonzo!" aliita. "Shemeji! Vyombo vyangu uliweza kubeba vyote peke yako. Shika mguu wa kitanda."

Kilonzo alikuwapo, nyuma ya wengine. Sijui ni kitu gani kilichomsogeza, aibu au kumbukumbu ya kaka yake au tu sauti ile iliyomwita kwa jina mbele ya watu. Alivuka. Alipovuka yeye, wengine wakafuata, na Mzee Muthiani, mzee kama alivyokuwa, akashika upande wa kichwani. Walimbeba Susu kwenye tope, wakibishana njia nzima ni nani anayekwenda kasi na ni nani anayeinamisha, na Syokau akitembea kando na kijiko chake, akiwasimamisha kila walipofika mahali tambarare ili amnyweshe.

Susu hakufa. Alikaa darasa la nne siku kadhaa, chini ya ramani ya Kenya, akarudi nyumbani mwembamba na mkali zaidi. Watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema kikombe kilimuuliza naye akajibu vema. Wengine walisema kilimsamehe kwa ajili ya mjane. Ndengu zilipovunwa Kilonzo alikuja na gunia tupu akamsaidia Syokau kufunga zake, na suala la Kibwezi halikutajwa tena, wala Mwende hakutenganishwa na mama yake.

Mimi nilimwuliza Susu mwenyewe. Alikuwa ameketi juani akipasua mbaazi.

"Susu, kikombe kilikuuliza nini?"

"Mjukuu wangu, nilikuwa naharisha. Ningesikia swali saa ngapi?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka kabla yangu. "Mbuvi naye," alisema, "hakusikia swali lolote. Alikuwa mgonjwa tu." Akarudia, kana kwamba alikuwa akijaribu kuyazoea maneno. "Alikuwa mgonjwa tu."

Mstari wa katani hawakuupanda upya. Waliung'oa, yeye na Syokau, wakalima ndengu moja kwa moja kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila mavuno waligombana kwa sauti kubwa juu ya wapi pa kusimama, ugomvi mzuri wa watu wanaojua kwamba kesho wataonana. Hawakuupeleka kanisani hata mara moja.

Sasa nafundisha Kiswahili katika shule moja huko Kitui, na jioni nasoma na kutunga kwa kanuni za wazee wa ushairi, ambazo zinadai kila kina kipate mwenzake ndipo ubeti ufungwe. Nimejaribu mara nyingi kuifunga wiki ile hivyo, nikashindwa. Afisa alikuwa na haki: midomo ni midomo, na kama Susu aliupata ugonjwa kwa ukingo ule ambao haukufutwa au kwa mtungi wake mwenyewe wa maji ya mchangani, hakuna awezaye kuniambia. Alichofanya kilikuwa kosa ambalo ningemkataza leo kwa nguvu zangu zote. Na bila kosa lile, mwanamke mmoja angefukuzwa na mtoto wake angebaki. Nayaweka mambo haya mawili pamoja, nayo hayakai pamoja, wala mimi sitaki tena kuyalazimisha. Ninachokijua ni kwamba tulikuwa na hofu, tukaipa hofu yetu kikombe ili ituulize kwa niaba yetu, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuthubutu kuulizana; na Susu ndiye wa kwanza aliyevuka kanisa kwenda kuuliza kwa mdomo wake.

Kanisa letu halikurudia tena kikombe kimoja. Siku hizi tunanywea vikombe vidogo vya kioo, kama vya kupimia dawa, vinavyokuja juu ya sinia, kila mtu chake. Ni vizuri hivyo. Lakini nikishakunywa, mkono wangu hunyooka kidogo upande wa kulia, kabla sijauzuia, kama unaotafuta wa kumpa.

Susu tulimzika miaka mingi iliyopita. Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, na siku ya Meza ya Bwana Syokau, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa fimbo, alikuja akaketi ubavuni pangu. Tulikunywa, kila mmoja chake. Mkono wangu ukanyooka. Aliuona. Akakichukua kikombe changu kitupu kwenye vidole vyangu, akakitumbukiza ndani ya chake, kimoja kikakaa ndani ya kingine, akaviweka kwenye sinia vikiwa hivyo.